"Msimu wa kuegemea": bosi kabadilisha neno langu la Kiingereza, barua ya kujieleza naandika mimi

Wakuu, mbukwenyi.

Leo nina povu, mnivumilie. Niko hapa Dodoma, ofisi ndogo ya mradi, jina silitaji na msilitafute. Kwenye mkataba mimi ni afisa mradi msaidizi, ila kazi ninayoifanya kutwa nzima ni kuchukua Kiswahili cha vijijini na kukigeuza Kiingereza cha wafadhili. Watu wanarudi fildi na madaftari yamejaa vumbi, wananibwagia mezani, wao haooo wanaenda kunywa supu.

Mwezi wa kwanza nilienda mwenyewe, kijiji kimoja njia ya kwenda Singida. Tulifika kwa bibi mmoja, tukamwamkia, akatutolea vigoda. Tulipomuuliza hali ya chakula hakujibu kwa mdomo. Alinyanyuka, akafunua kihenge, akaingiza mkono mpaka begani, nikasikia kata ya kibuyu inakwangua chini. Alichotoa hakikujaza kibaba. Akasema, "Wajukuu zangu, mpaka uwele huu wa shambani ukomae. Mwezi wa tano tutakula. Sasa hivi ni njaa." Kwa lugha ya nyumbani akaiita nzala. Halafu bibi huyohuyo akatuwekea ugali na mlenda, tukikataa atachukia, tukala tonge mbili mbili huku tunaangaliana.

Sasa hiyo njaa ya bibi, Kiingereza chake ni nini?

Nilikaa nayo siku mbili. Msicheke. Kiswahili neno ni moja: saa saba mchana nina njaa, mtoto analia njaa, mwaka ule wa njaa, mshahara wa njaa. Waingereza wameligawa vipande. "Hunger" ni pana mno, hata mimi nikichelewa kwa mama lishe ninayo. "Starvation" ni mtu anakufa kwa kukosa kula, na bibi hafi, analima vibarua kwenye mashamba ya watu na anakula mara moja kwa siku. "Food shortage" ni chakula hakipo, na chakula kipo, ukienda barabarani unga umejaa madukani, kinachokosekana ni hela ya kuununua. "Food insecurity" ndiyo wimbo wa maofisini, inaingia kila sentensi na haikuoneshi kile kihenge.

Mwisho nikalipata: "lean season". Ni ile miezi ya kabla ya kuvuna, ya mwaka jana yameisha na ya mwaka huu bado mabichi shambani. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, inaanza mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne hivi, mvuno ndiyo mmoja huohuo, kwa hiyo Januari mpaka Machi mtu anaangalia uwele wake unavyorefuka huku tumbo linanguruma. Neno lilikaa kama kofia ya kupimiwa. Nilifurahi peke yangu ofisini saa 3 usiku, upepo unagonga mabati, nikafunga kompyuta nikaenda kulala.

Jumatatu, kikao. Bosi kashika simu, kafungua kamusi. "Bwana mdogo, hii lean ni nini?" Kabla sijafungua mdomo akasoma kwa sauti: "Egemea." Akatuangalia mmoja mmoja. "Msimu wa kuegemea! Wanaegemea nini, ukuta?" Ofisi nzima ikacheka. Mpaka dereva, ambaye tulikuwa naye pale kwa bibi na alikula ule mlenda, alicheka.

Nikasema bosi, shuka chini kidogo, kuna maana nyingine, kukonda, kuwa haba. Akasema haina haja. "Mfadhili anataka neno zito. Njaa si ndiyo famine? Weka famine." Akavuta kompyuta akaandika mwenyewe. Kwa kidole kimoja. F, A, M, I, N, E. Nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Wakuu, "famine" si njaa kali tu. Kule inakosomwa ripoti kuna vipimo. Kuna ngazi ya madaraja matano ya hali ya chakula inayotumiwa na mashirika ya kimataifa, na famine ndiyo ya mwisho, ya tano. Ili eneo lifike huko, angalau kaya 20 katika kila 100 ziwe zimekosa chakula kabisa, angalau watoto 30 katika kila 100 wawe na utapiamlo mkali, na watu wasiopungua wawili katika kila 10,000 wawe wanakufa kila siku. Somalia 2011 ilitangazwa. Sudan Kusini 2017 ilitangazwa. Sasa na kijiji chetu njia ya Singida kimo humo, kimeingizwa na kidole kimoja cha bosi.

Na sisi Wagogo tunalijua baa la njaa kwa jina lake. Wazee walituhadithia Mtunya, ile iliyoanza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1917 mpaka kuelekea 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita yakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikagoma. Ile ungeiita famine mbele ya bibi na asingekubishia. Ya mwaka huu ameiita nzala tu, akaendelea kupalilia.

Wiki ya pili ikaja barua pepe. Mfadhili anauliza: nani ametangaza famine? Lini? Vifo ni vingapi? Kwa nini hatukumwambia mapema? Kesho yake simu nyingine ya huku huku nchini, sauti ya upole ile ya kutisha, inataka kujua sisi ni nani mpaka tutangaze baa la njaa. Bosi akaweka simu chini, akaniita. "Kijana, umetuingiza matatani na Kiingereza chako."

Kiingereza CHANGU.

Sasa nimepewa barua ya kujieleza. Niijibu kwa Kiingereza, maana nakala inaenda kwa mfadhili.

Na hii si mara ya kwanza. Mwaka jana nilikuwa likizo, mwenzangu akaandika ripoti ya kikundi cha akina mama wanaokopeshana. Akaandika kwamba kikundi "borrowed" wanachama 12 shilingi 1,800,000. Mfadhili kauliza kwa ustaarabu kabisa, je, kikundi kitawalipa lini hao akina mama? Deni limegeuka kichwa chini miguu juu! Na simlaumu sana yule, kosa hilo tunalo wengi na linatoka nyumbani. Kwenye Kiswahili "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu" ni kitenzi kilekile, anayetoa na anayepokea wote wanaazima. Mwingereza anataka mmoja a-lend, mwingine a-borrow. Ndiyo maana shuleni tulisema "borrow me your pen" na mwalimu akatuchapa bila kutueleza kwa nini. Wakati huohuo sisi tunatenganisha asichotenganisha yeye: jembe unaazima, utarudisha lilelile, unga unakopa, utarudisha mwingine maana ule umeshaliwa. Yeye vyote ni "borrow" tu. Nani ana lugha maskini hapo? Tuache, si mada ya leo.

Kinachoniuma ni ugonjwa wa neno zito. Mtu hatafuti neno lenye maana yake, anatafuta lenye sauti ya suti. "Use" haifai, weka "utilise". "Help" ya kitoto, weka "facilitate". Juzi tumeandika kwamba mradi ume-facilitate mbuzi 40. Mbuzi! Mbuzi wamewezeshwa! Hapa mjini tangu serikali ihamie naona hali imezidi, kila kona kuna warsha, kila warsha ina ripoti, na kila ripoti ina bosi aliyeshika simu.

Na kamusi, nazo nazisema. Naziheshimu, ile ya TUKI ya 1996 ya Kiingereza-Kiswahili ninayo, jalada limeshatoka nimelishika na selotepu. Lakini hiyo inamsaidia aliyeshapata neno la Kiingereza na anatafuta maana. Mimi nina maana tayari, nimeiona imekwanguliwa chini ya kihenge, ninachotafuta ni neno. Ukienda na upande wa pili, ukatafuta njaa, unakuta hunger na famine na starvation zimepangwa mstari mmoja na mkato katikati, kana kwamba uchague unayoipenda rangi. Waingereza wenyewe waliliona tatizo hili zamani. Daktari wao mmoja, Roget, mwaka 1852 alitoa kitabu alichopanga maneno kwa maana badala ya herufi: unaanza na wazo, unakuta maneno yake yote yamekaa pamoja, unachagua. Wenye lugha walihitaji kitabu kizima cha kutafutia maneno yao, halafu mimi wa Dodoma napewa dakika tano na kuchekwa.

Njia ninayotumia, kwa anayetaka: napata neno ninalolishuku, halafu siliangalii kwenye kamusi ya Kiswahili kabisa. Nalitafuta kwenye ripoti za watu wanaozungumza jambo hilohilo, naona limekaa na nani. "Lean season" nililikuta limezungukwa na mavuno, ghala, bei ya nafaka, miezi. "Famine" nililikuta limezungukwa na vifo. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya siku mbili, na bosi akaifuta kwa sekunde sita.

NYONGEZA, saa 4 usiku:

Nimeona maoni yenu. Mkuu uliyesema niache kulialia tuandike ripoti kwa Kiswahili, nakuunga mkono mia kwa mia, hata mahakamani tangu 2021 sheria inasema lugha ni Kiswahili. Kamwambie mfadhili wangu.

Wewe uliyesema ningeandika tu "serious hunger" yakaisha, asante, hilo ndilo jibu la maana kuliko yote humu na nimekasirika kwamba sikulifikiria.

Dada aliyeuliza kama barua pepe ya mwanzo ninayo, ndiyo. Rasimu yenye "lean season" niliituma Ijumaa usiku, ipo na saa yake. Nikiiambatisha nitakuwa nimemchongea bosi mbele ya mfadhili, na mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Nisipoiambatisha nimekubali.

Sasa ninapokwama. Barua inatakiwa Jumatatu saa 2 asubuhi, na bosi kashaniambia iwe na "I sincerely apologise". Sitaki. Hiyo ni kukiri. "I regret" naona kama inasikitika kutokea mbali, atajua nimemkwepa. Nimebaki na "sorry". Na hapa, wakuu, kwa mara ya kwanza Kiingereza kimenipa zawadi, maana "sorry" yao inabeba samahani na inabeba pole, zote mbili, na hakuna wa kukuuliza umetoa ipi. "I am sorry about what happened with the report." Yeye atasoma samahani. Mimi nitakuwa nimempa pole.

Wanasheria na watu wa utumishi mliomo humu: neno "sorry" kwenye barua ya kujieleza linahesabika kama kukiri kosa au halihesabiki? Nijibuni kabla ya Jumapili jioni, stationery ya huku mtaani inafunga saa 1.