Je, neema inapunguza uzito wa dhambi?

Msomaji wa Jinja: Bwana asifiwe, ndugu. Katika ushirika wetu wapo wanaosema kwamba, kwa kuwa damu ya Yesu imekwisha kulipa, hakuna haja ya kuhangaika kuhusu dhambi ndogo ndogo. Je, msimamo huo unakubaliana na Maandiko?

Mama wa Mbale: Haukubaliani. Paulo alilijibu swali hilohilo katika Warumi 6, akikataa kabisa kwamba tudumu katika dhambi ili neema iongezeke. Dhambi iliyogharimu msalaba haiitwi ndogo, hata ikiwa ni risiti iliyoongezwa shilingi elfu mbili tu.

Mzee wa Mukono: Mama amesema kweli, nami niongeze historia ambayo vijana wengi hawaijui. Wabalokole, yaani "waliookoka", wa uamsho wa Kikristo wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1930 walisisitiza toba ya wazi, kurudisha mali iliyoibwa na kutembea nuruni, kama ifundishavyo 1 Yohana 1:7. Mwaka 1941 wanafunzi 26, akiwemo William Nagenda, mmoja wa viongozi wa uamsho huo, walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha hapa Mukono kwa sababu ya msimamo wao. (Wengine walizidisha ukali, na kuungama hadharani huweza kugeuka majivuno.)

Msomaji wa Jinja: Asante, mzee. Anayeanguka mara kwa mara katika kosa lilelile afanyeje?

Mama wa Mbale: Warumi 8:13 inatuagiza kuyafisha matendo ya mwili kwa Roho, si kwa nguvu zetu. Aungame, amwombe ndugu mwaminifu amwulize hali yake kila juma, na aondoe kinachomnasa; kama ni simu, ilale sebuleni.