Ukoo wa Bi Mwanakombo: Nasri anazunguka Ahmedabad, India

Shangazi Mwanaidi: Zuhura mpo? Tangu asubuhi tunangoja mapicha hapa, Nasri wetu yuko wapi

Zuhura: Shkamoo shangazi. Tupo kwenye bajaji tunaelekea mjini, huku saa tano na nusu sa hivi nyie ndo kwanza saa tatu. Tumechelewa maana Nasri kaona watu wanatengeneza nyuzi za tiara kando ya barabara akagoma kuondoka, yaani wamesimamisha nguzo wamezungusha uzi kuanzia huku hadi kule, halafu mtu anatembea nao mkononi kashika bonge la uji wa pinki anaupaka uzi wote, vidole kavifunga plasta na uji wenyewe una unga wa chupa ndani

Shangazi Mwanaidi: Unga wa chupa??

Baba Nasri: Ndio shangazi shkamoo. Ukikauka unakata uzi wa mwenzio kule angani, ndo mchezo wenyewe huo. Tarehe 14 Januari ni sikukuu yao ya Uttarayan mji mzima unapanda mapaani kurusha. Wenye pikipiki sa hivi wanafunga chuma cha duara mbele ya usukani ili uzi ukidondoka usiwakate shingo

Rehema: Bibi yuko hapa pembeni anasema Nasri ASIGUSE huo uzi

Zuhura: Mwambie mama hajagusa, kaishia kuupigia kelele tu

Mjomba Athumani: Msikitini mmefika? Mimi nimewaomba kitu kimoja tu safari yote hii

Zuhura: Tunakaribia mjomba, usiwe na presha 😂

Juma: Msikiti gani tena mjomba, watu wanaenda kutembea na mtoto we unawapa kazi

Mjomba Athumani: Wa Sidi Saiyyed. Huyo alikuwa Mhabeshi, katoka huku kwetu upande wa Afrika akawa mtu mkubwa Gujarat, jimbo mlipo, kajenga msikiti 1573, mwaka uleule jeshi la Akbar, mfalme wa Mughal, lilipomaliza kuiteka Gujarat, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Nyie mkisikia India mnawaza tu hospitali na vitenge

Juma: Haya mjomba nimekoma

Zuhura: Tumefika. Jamani ni kadogo kuliko nilivyodhani, kapo katikati ya makutano ya barabara bajaji zinakazunguka pande zote honi juu ya honi, lakini ukienda ukuta wa nyuma ukainua macho 😳 madirisha ya mawe yamechongwa kama lesi, moja lina mti matawi yamesokotana hadi huoni yanapoanzia na katikati umesimama mtende. Jiwe hilo! Nimesimama pale hadi shingo ikauma. Chuo kimoja kikubwa cha biashara cha huku nembo yao wameitoa kwenye dirisha hilo

Mjomba Athumani: Allahu akbar. Nasri kasemaje

Baba Nasri: Kauliza mbona wametoboa ukuta

Shangazi Mwanaidi: 😂😂😂

Zuhura: *Picha*

Mjomba Athumani: Mbona dirisha silioni, naona kichwa cha Nasri na mfuko wa chipsi

Zuhura: Ndo ilivyotoka mjomba, kila nikipiga anajileta mbele. Baba yake atakutumia nyingine usiku

Rehema: Da Zuu huyo mama mwenye sari ya njano aliyembeba Nasri ni nani??

Zuhura: Simjui hata! Ndo shughuli ya leo hiyo. Mtu anakuja anatabasamu anaomba picha na mtoto, unakubali, ukigeuka familia nzima imejipanga foleni na babu yao, mmoja anamshika nywele mwingine anamvuta shavu. Hawana ubaya ila mtoto sio sanamu. Mara ya kwanza alifurahi akaonyesha na meno, baadae akajificha nyuma ya suruali ya baba yake, basi hapo tukawaambia bas bas, wakaelewa wakampa na biskuti. Mkija huku na mtoto muangalieni yeye, akichoka nyie ndo mseme, maana watu hawaachi wenyewe

Rehema: Bibi anauliza umempaka wanja?

Zuhura: Mwambie sijapaka mimi kapaka jirani wa ghorofa ya chini, bimkubwa wa Kigujarati, kila tukitoka anatusubiri kwenye ngazi anamtia doa jeusi nyuma ya sikio asipate kijicho

Rehema: Bibi anasema huyo jirani mtunzeni sana. Anasema mpelekee zawadi

Shangazi Mwanaidi: Wifi kaongea 😂 Haya mmekula nini, isije kuwa dengu tena

Baba Nasri: Leo tumekula nyama shangazi! Mtaani kwetu watu hawali nyama, hata yai ni la kutafuta, lakini karibu na hapa kuna kichochoro kinaitwa Bhatiyar Gali ni majiko tu mwanzo mwisho, mishikaki, kebabu, biriani, moshi umetanda. Nasri kala mishikaki utadhani katoka kufunga

Rehema: Bibi anasema maji wapi

Zuhura: Ya chupa mama, na barafu za rangi hatujampa ingawa kalilia

Juma: Shem, na kwa Gandhi mnaenda lini? Si ndo mji huohuo

Baba Nasri: Mi nilitaka twende leoleo bwana, ashram, yale makazi yake, ipo mtoni Sabarmati, pale ndo alipoanzia ule mwendo wa chumvi wa kupinga kodi ya Waingereza tarehe 12 Machi 1930 kwa miguu hadi Dandi pwani. Waziri wangu wa mambo ya ndani kakataa

Zuhura: Nimekataa ndio. Mtoto wa miaka minne anabeba vitu viwili kwa siku, kimoja cha wakubwa asubuhi kabla hajachoka na kimoja chake yeye baada ya kula. Ukiongeza cha tatu unatembea na kilio mgongoni. Gandhi tutaenda siku nyingine wala hahami

Shangazi Mwanaidi: Sasa chake yeye kipi

Zuhura: Ziwa Kankaria. La kuchimbwa na masultani hilo tangu karne ya 15, sa hivi wamelizungushia bustani na katreni kadogo kanalizunguka. Kesho Jumatatu wanafunga ndo maana tumebanana na leo, na Jumapili watu ni wengi hatari, foleni ya treni tu nimesimama hadi miguu imekufa. Kapanda akashuka akalia, tukakata tiketi tena. Mi nimeshayajua maji yote ya lile ziwa

Zuhura: *Video*

Rehema: Hahahaha anampungia mkono nani huyo

Baba Nasri: Kila mtu. Anadhani treni anaendesha yeye

Shangazi Mwanaidi: Na ile zuu hapo pembeni hamjaingia? Mmeenda hadi huko hamjaona simba wa Kihindi

Zuhura: Kashalala shangazi, kalala begani kwa baba yake na kiatu kimoja. Simba tumewaacha

Mjomba Athumani: Simba wenyewe wa porini wapo msitu wa Gir na maeneo ya jirani, Asia nzima wamebaki huko Gujarat tu. Na pembeni ya msitu kuna kijiji kinaitwa Jambur wakazi ni Masidi, Wahindi wenye asili ya Afrika, ndugu zetu hao, wana ngoma zao hadi leo. Mkipata likizo ndefu nendeni mnipigie video, na safari hii Nasri akae nyuma ya kamera

Zuhura: Hahaha sawa mjomba, ila sio mwezi huu, nina mitihani

Juma: Shem nyuzi za tiara bei gani? Niletee za kuuza beach

Baba Nasri: Zenye chupa sileti nisije nikafungwa. Tiara zenyewe nakuletea, za karatasi, mia unazikunja kwenye begi

Rehema: Bibi anauliza hiyo tarehe 14 mtakuwa wapi

Zuhura: Jirani wa wanja katualika juu ya paa kwake. Mama asiwe na wasi, paa lina ukuta na Nasri atashika gurudumu la uzi usio na chupa, nishaongea nao

Rehema: Anasema ukuta wa urefu gani

Zuhura: 🙄 Unamfika mimi kifuani mwambie

Rehema: Anasema Baba Nasri amshike mkono hivyohivyo

Baba Nasri: Nimepokea mama 🫡