Mdogo wangu amefungwa pingu kitandani hospitalini: nianzie wapi?

Dada wa Kisauni
Habari zenu, ndugu zangu. Mdogo wangu ni mahabusu katika gereza moja la Pwani ya Kenya na kesi yake bado inasikilizwa. Ana kifafa tangu utotoni. Wiki iliyopita alianguka ndani ya seli, akapelekwa hospitali ya umma, na tangu alazwe mguu wake wa kulia umefungwa kwa pingu kwenye chuma cha kitanda, usiku na mchana, hata anapolishwa uji. Jana nilimkuta mama amekunja soksi na kuipachika kati ya chuma na kifundo cha mguu, kwa kuwa ngozi imeanza kuchubuka. Askari wa zamu alinijibu kwa upole kwamba huo ndio utaratibu. Naomba kujua iwapo utaratibu huo una sheria nyuma yake, na nimlalamikie nani bila mdogo wangu kulipiziwa kisasi atakaporudi gerezani.

Askari Mstaafu
Pole sana, dada. Nimeitumikia idara ya magereza miaka mingi, na nitasema lililo kweli: mahabusu akitoroka wodini, wa kwanza kuulizwa ni askari aliyekuwa naye, ndiyo maana wengi hufunga kwanza na sababu hutafutwa baadaye. Lakini woga wa askari si sababu ya kumfunga mgonjwa asiyeweza hata kusimama. Sisi tulikuwa tukikaa wawili, mmoja mlangoni na mwingine karibu na kitanda, na pingu ikabaki kiunoni mwa askari. Usigombane na huyo kijana wa zamu. Muulize mkuu wa gereza, kwa barua, mambo matatu tu: nani ameagiza pingu, kwa sababu gani inayomhusu mdogo wako mwenyewe, na agizo hilo litaangaliwa upya lini.

Wakili wa Pwani
Maswali hayo matatu ndiyo kiini cha sehemu ya pingu katika Kanuni za Nelson Mandela, yaani kanuni za jinsi ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2015. Kanuni ya 47 inakataza kabisa minyororo na vifaa vingine ambavyo kwa asili yake vinadhalilisha au kuumiza; pingu za kawaida zinaruhusiwa kuzuia kutoroka wakati wa kuhamishwa, au kwa amri ya mkuu wa gereza pale njia nyingine zinaposhindwa kumzuia mtu asijidhuru, asiwadhuru wengine au asiharibu mali, na hapo mkuu huyo anatakiwa kumjulisha daktari mara moja na kutoa taarifa kwa mamlaka ya juu yake. Kanuni ya 48 inataka pingu ziondolewe mara tu hatari inapokwisha, na ya 43 inakataza kuzitumia kama adhabu.

Kanuni hizi si mkataba unaoibana serikali kisheria, kwa hiyo msingi wa malalamiko yako uwe Katiba ya 2010: kifungu cha 29 kinamkinga kila mtu dhidi ya kutendewa kikatili au kudhalilishwa, na cha 25 kinasema kinga hiyo haiwezi kuwekewa mipaka. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Namibia iliamua kwamba kuwafunga wafungwa minyororo ya miguu kunavunja utu wao. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini unaweza kutajwa.

Muuguzi wa Wodi
Naomba niongeze jambo ambalo kwangu ni la haraka kuliko barua. Mwenye kifafa akishikwa na degedege anatakiwa kugeuzwa ubavu ili asipaliwe, na kiungo kilichofungwa wakati mwili unatetemeka kinaweza kuteguka au kuvunjika. Mwombeni daktari aandike kwenye faili kwamba pingu ni hatari kwa mgonjwa huyu, pamoja na hali ya ngozi ya kifundo. Ulizeni pia kama dawa zake za kifafa zilimfikia kila siku alipokuwa gerezani, kwa maana kukosa dozi huleta degedege.

Mama Watatu
Mimi nilijifungua nikiwa rumande, na nilifunguliwa pingu pale tu nilipoanza kusukuma. Je, hilo linaruhusiwa?

Wakili wa Pwani
Hapana, mama. Kanuni ya 48 inakataza pingu wakati wa uchungu, wakati wa kujifungua na mara baada ya kujifungua. Kanuni za Bangkok, yaani zile za Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake wafungwa, za mwaka 2010 zilikwisha kusema hivyohivyo.

Dada wa Kisauni
Asanteni nyote. Daktari ameandika leo mchana. Barua nitaipeleka kesho, nakala moja gerezani na nyingine kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Je, mama anaweza kutia saini, ilhali mwenye haki ni mwanawe?

Wakili wa Pwani
Anaweza. Hata mkifika mahakamani, kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya asiyeweza kujisimamia, hakuna ada ya kufungua shauri, na mahakama inaweza kupokea hata barua ya kawaida. Kuhusu kulipiziwa kisasi: mdogo wako yuko rumande kwa amri ya mahakama, kwa hiyo siku kesi itakapotajwa mwambieni hakimu waziwazi kuhusu pingu na kuhusu hofu yenu, mkiomba maneno hayo yaingie kwenye kumbukumbu za kesi. Mwende na nakala ya aliyoyaandika daktari.