Kwani "dawa" ni ya hosi ama ya choo?

Wasee, jana hapa Kibuye nimeskia mathe anaitisha dawa ya choo nikacheka, mi najua dawa ni ya kumeza ama kupaka, sasa choo inaugua nini?

> Na wewe asubuhi unapiga mswaki na nini kama si dawa ya meno? Neno limetoka Kiarabu, na sisi tunaita dawa chochote kinachomaliza shida, kuna ya mende, ya panya, ya kupe wa ng'ombe, hata ya deni ni kulipa.

> Chunga tu ile ya choo yenye asidi usichanganye na blichi, inatoa gesi ya klorini. Mi nilikohoa mpaka jirani akakuja kubisha mlango!

Haya, nimeshindwa. Na ya mapenzi?