Jioni ya kontra ukumbini: tuite mwitaji na bendi, tuendeshe wenyewe, au tuchanganye?

mkazi_wa_NH
Wakuu habari za wikendi. Mimi nipo Manchester, New Hampshire, na jumuiya yetu hapa (Wakongo ndio wengi, halafu Wanyarwanda, Watanzania na Wakenya wachache) tumekubaliana na majirani zetu Wamarekani tufanye jioni moja ya pamoja, sisi tunapika, wao wanatuonyesha densi yao ya huku, kontra. Kwa asiyeijua, ni mistari miwili mirefu inayotazamana, una mwenza wako, mnakutana na jozi ya jirani mnacheza nao mfululizo wa hatua, ukiisha mnasogea nafasi moja mnakuta jozi nyingine mnaanza upya, hivyo hivyo mpaka mmecheza na karibu mstari mzima. Kuna mtu kwenye maiki anaita hatua inayofuata, huyo ndiye mwitaji.

Tutakuwa watu kama 50, wazee wapo, watoto wapo, zaidi ya nusu hawajawahi kabisa. Nimebaki na njia tatu. Ya kwanza ni bendi ya fidla na piano na mwitaji mzoefu, kontra tupu usiku mzima kama wanavyofanya wenyewe. Ya pili niite mwenyewe, muziki wa simu kwenye spika, maana nacheza muda sasa na hatua nazijua. Ya tatu mchanganyiko, madensi ya duara, Virginia Reel (densi rahisi ya zamani ya mistari miwili), kontra mbili tatu nyepesi na muziki wetu katikati. Hela ipo lakini si ya kutapanya. Waliowahi kuona kwa macho nishaurini.

fundi_wa_mistari
Mkuu nipo jirani yako hapa Massachusetts ya magharibi, nacheza Greenfield pale ukumbi wa Guiding Star Grange na mara moja moja naita pia. Ya pili ifute. Sisemi huwezi, ila kucheza na kuita ni kazi mbili tofauti kabisa, ukicheza mwili ndio unakumbuka, ukiita lazima kichwa kiwe mbele ya miguu ya watu wengine 50.

Wimbo wa kontra una mapigo 64, umegawanyika A1, A2, B1, B2, kila kipande 16. Hatua nyingi zinakula mapigo 8, balansi (mnashikana mikono mnasogea mbele na nyuma) na sving (mnashikana mnazunguka papo hapo) kwa pamoja zinakula 16. Sasa wito wako unatakiwa uwe umeshamalizika KABLA ya pigo la kwanza la hatua inayofuata, yaani unaita kwenye mapigo manne ya mwisho watu wakiwa bado wanazunguka. Bendi ikienda kasi ya kawaida, mapigo 115 hivi kwa dakika, hayo manne ni sekunde mbili tu. Ukisema "duara kushoto" pigo likiwa limeshaingia, mstari mzima umechelewa, wanaikatisha hatua ili wawahi inayofuata, na hao wageni wako nusu watajiona wao ndio hawajui kucheza kumbe maiki ndiyo iliyochelewa.

Halafu ukiita vizuri unatakiwa ujue kunyamaza. Mzunguko mmoja ni kama sekunde 33, densi moja inarudiwa mara 12 au 15, baada ya mara nne tano unaanza kupunguza maneno, mwisho unaacha kabisa watu wabaki na muziki. Raha yote ya kontra ipo hapo. Mwitaji mgeni anaogopa kunyamaza, anaongea mpaka mwisho kama kondakta wa daladala.

Kwa hiyo mimi ni ya tatu, lakini na mwitaji anayejua kazi.

kinanda254
Mimi kwa upande wangu nasema bendi live hata ikiwa ni watu wawili tu. Hii story ya spika siipendi. Ukiwa na rekodi ngoma inaisha inapotaka yenyewe, lakini bendi mwitaji anainua vidole vitatu, wanajua imebaki mara tatu, wanapandisha moto, wanafunga pamoja na wachezaji. Pia watu wakichanganyikiwa bendi inaendelea tu kupiga mpaka mstari ujipange. Simu haikungoji.

Na kwa wale watasema hii ni mambo ya Wazungu, kwetu Murang'a na Nyeri wazee wanacheza mwomboko mpaka leo, jozi jozi, hatua mbili na kuinama, kodiani inalia na karing'aring'a, ile pete ya chuma, inagonga. Hiyo ilitoka enzi za ukoloni, watu waliona densi za Wazungu wakachukua wakageuza ikawa yao. Mzee anayejua mwomboko mpe kontra, ndani ya dakika kumi ameshashika, nimeona na macho yangu.

UmmuKhayr
Assalaam alaykum. Kabla ya bendi na vipaza sauti mimi nauliza hiyo sving. Ni mnashikana mkono mgongoni mkono mkononi mnazunguka, na kwa sababu mstari unasogea unaishika na kila mwanamume wa ukumbi mzima. Jumuiya ya Manchester ina dada zetu Waislamu, na hata mama zetu wa kanisani si wote watakaofurahia. Mkiwaambia "njooni tucheze" halafu wakutane na hilo bila kuambiwa, watakaa kwenye viti ukutani usiku kucha na mtasema hawapendi kuchangamana.

fundi_wa_mistari
Wa alaykum salaam dada, hili ni la msingi na nilitakiwa kulianza mimi. Kwanza, kumbi nyingi siku hizi hazisemi tena wanaume na wanawake, wanasema Larks na Robins, Lark anasimama kushoto Robin kulia, na yeyote anacheza upande wowote. Kwa hiyo dada wawili wanaweza kuwa wenza bila mtu kushangaa. Pili, sving ina mbadala, mnashikana mikono yote miwili mbele mnazunguka, umbali wa mikono kati yenu, mapigo yale yale. Mwitaji akilionyesha hili mwanzoni mbele ya wote kama njia ya kawaida, si kama msamaha wa wachache, kila mtu anachagua. Kwa asiyetaka hata mikono, kuna do-si-do, mnapitana bega kwa bega mnarudi kinyumenyume, hakuna kugusana.

Tatu, chagua densi zenye sving ya mwenza peke yake na jirani umpitie kwa do-si-do au nyota ya mikono (wanne mnaunganisha mkono mmoja katikati mnazunguka). Zipo tele. Mwambie mwitaji mapema, atachambua kadi zake alizoandika densi.

UmmuKhayr
Hapo nimeelewa. Na kumtambua nani Lark nani Robin, watoto na wazee watachanganya. Wafungeni kitambaa mkononi walio upande mmoja, vipande vya kanga vipo vingi majumbani mwetu.

Bonge_la_Mtu
Wakuu kwani lazima kontra? Mbona skwea, zile densi za mraba, zinafurahisha zaidi, jozi nne nne zinatazamana, kama zile za kwenye sinema. Mimi niko Ohio huku tumecheza skwea harusini kwa jirani, watu walikufa kwa kicheko.

fundi_wa_mistari
Skwea tamu mkuu sikatai, lakini kwa wageni ina mitego miwili. Inataka watu nane kamili, mtoto mmoja akikimbilia chooni saba wamesimama. Na hatua zinabadilika badilika kwa hiyo mwitaji anaongea mwanzo mpaka mwisho, kwa watu ambao Kiingereza cha haraka bado kinawasumbua ni mateso. Kontra ikijirudia mara ya sita hata asiyesikia neno anajua kinachofuata, anasukumwa na jirani zake.

Ila kontra nayo ina ugonjwa wake, miisho ya mstari. Jozi ikifika mwisho inakaa nje mzunguko mmoja, inatakiwa ibadilishane nafasi kisha irudi ikitazama upande wa pili. Wageni hapo ndipo wanapopotea, wanadhani wametolewa mchezoni wanakwenda kukaa! Dawa ni kuanza usiku na duara wanaloliita Sicilian circle. Jozi inatazamana na jozi kuzunguka ukumbi mzima, mnacheza mnapitana mnakuta wengine, ni kontra ile ile ila haina mwisho, hakuna wa kusubiri nje. Wakishazoea hapo ndio unawanyoosha kwenye mistari.

kinanda254
Hii ya circle ni sawa kabisa. Sasa lugha? Ataita Kiingereza tu?

fundi_wa_mistari
Maelezo yawe lugha mbili, wito uwe mmoja. Kabla ya muziki kuna kupitisha hatua polepole, pale mkazi_wa_NH asimame pembeni ya mwitaji na maiki ya pili aeleze kwa Kiswahili kwa kirefu anavyotaka, hata Kinyarwanda kama yupo wa kusaidia. Muziki ukianza ni maneno mafupi tu, "Robins cheni" (Robins wawili wanapishana katikati kwenda upande wa pili), "duara kushoto", "mwenza, sving". Ukijaribu kusema "sasa shikaneni mikono mzunguke kuelekea kushoto" sekunde mbili zimeisha uko kwenye "mikono".

Na usipange densi kwa sababu tu ni nzuri, panga kwa kurithishana. Ya pili itumie hatua za ya kwanza na kuongeza moja. Cheni ukishaifundisha itumie tena kwenye densi inayofuata kabla hawajaisahau. Ile heyi, watu wanne wanasukana katikati kama ususi, msiiguse usiku huo, itakula dakika kumi za maelezo na wazee watachoka wamesimama. Kama mnataka mfano wa jioni nyepesi, hapo hapo New Hampshire ndiko kwa mwitaji Dudley Laufman wa Canterbury, alipewa tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa mwaka 2009, alijulikana kwa densi rahisi na maelezo machache, fidla mkononi huku anaita.

mkazi_wa_NH
Nimewasoma wote. Basi ni ya tatu, na mwitaji wa kulipwa, fidla moja na piano moja, kiingilio mtu anatoa anachoweza, ikitolewa kodi ya ukumbi inayobaki ni ya bendi na mwitaji. Nimefikiria hivi, saa 12 na nusu jioni mafunzo nusu saa, saa moja tunaanza na Sicilian circle mbili, Virginia Reel na watoto, kontra moja, mapumziko na chakula, halafu nusu saa ya rumba yetu na sisi tuwafundishe, kontra mbili na walzi ya kufunga saa tatu na nusu. Mzee wetu mmoja kutoka Bukavu ameshaanza kuuliza kama akipiga gitaa bendi itamkubali.

Wakibaki idadi ya witiri?

kinanda254
Mzee akae na bendi bana, kwani ni korti? Awaulize key tu afuate chords za piano. Huyo wa witiri apewe densi inayofuata kwanza, na huku kwao mtu hachezi na mwenza mmoja usiku mzima, kila ngoma unatafuta mwingine.

Bonge_la_Mtu
Chakula kiwe kabla, watu watoke kazini na njaa wacheze na nini?

fundi_wa_mistari
Kabla hapana hapana hapana. Sahani ya pilau na sving ya mapigo 12 havikai tumbo moja. Chai na mandazi mlangoni, pilau mapumzikoni, na baada ya hapo ndio maana rumba imewekwa pale, polepole. Anayepata kizunguzungu kwenye sving amtazame mwenzake usoni asitazame ukuta, akiona aibu kumtazama machoni atazame sikio.

Viatu pia uwaambie mapema, visafi vyenye soli laini wabebe mkononi wavalie ndani, kumbi nyingi zina mbao za zamani na hawataki mchanga wa barabarani wala visigino vyembamba.

UmmuKhayr
Visigino watakuja navyo tu. Wekeni beseni la soksi mlangoni.