Naomba ushauri: nataka kumhamishia korido wangu kwenye tangi kubwa

Ndoo ya Bluu: Wakuu, salaam. Nina korido mmoja, yule kambale mdogo mwenye sharubu anayeshinda chini akifukua mchanga. Nimekaa naye karibu mwaka kwenye tangi la lita 20. Sasa nataka kumpeleka kwenye tangi langu la lita 200 lenye samaki mchanganyiko. Swali ni moja tu: nimzoeshe maji mapya kwa muda gani? Tangu juzi silali vizuri kwa ajili ya huyu kiumbe. Matusi hapana.

Fundi Chujio: Mkuu, mtie kwenye mfuko, uelee tangini dakika 15 joto lilingane. Kisha kila dakika 5 ongeza kikombe kidogo cha maji ya tangi. Saa moja hivi yatosha. Usimdake kwa wavu, mapezi yake yana miiba na inanasa kwenye nyuzi, tumia bakuli. Maji ya mfuko mwaga nje.

Mama Konokono: Mimi nashangaa hapo kwenye "mmoja". Korido ni samaki wa kundi, 6 kwenda juu! Wangu walikuwa 8, wanalala wamebanana kama watoto wa shule ya bweni. Siku ya kwanza mume wangu aliwaona wakichomoka chini hadi juu, wanagugumia hewa, wanarudi. Akaniamsha usiku wa manane, "Wanakufa!" Kumbe wale hupumua hewa kwa utumbo, ndiyo kawaida yao. Baba huyo mpaka leo hakubali kwamba alilia.

Mpangaji wa Kudumu: Samaki anahamia lita 200, mimi nimebanana kwenye chumba kimoja. Haya.

Fundi Chujio: Ndoo ya Bluu, hujasema huko kwenye tangi kubwa wapo akina nani.

Ndoo ya Bluu: Tetra 9 na gapi kadhaa, wale samaki wadogo wadogo, na wengine.

Fundi Chujio: Wengine akina nani? Mficha maradhi kifo humuumbua.

Ndoo ya Bluu: Sawa. Yupo oska mmoja, sentimita kama 18. Kabla hamjanirukia nisikilizeni: ni mpole mno, anakula mkononi mwangu. Tetra hajawahi kuwagusa. Walikuwa 14, lakini wale watano naamini ni uzee. Na mniambie "usimhamishe" ya nini, wakati lile tangi dogo nimeshampa mpwa wangu? Korido yuko kwenye ndoo, nimemwekea pampu ya hewa.

Mama Konokono: Uzee wa watano kwa mkupuo!

Fundi Chujio: Mkuu, oska hufika sentimita 30, na kinachoenea mdomoni mwake ni chakula. Ubaya wa korido ni kwamba akimezwa anakaza ile miiba ya mapezi na inajifunga. Hapiti kwenda chini, harudi juu. Niliwahi kumkuta oska wa rafiki yangu asubuhi, mdomo wazi, mkia wa korido unaonekana. Tuliwazika wote wawili.

Amana: Kiumbe ukishamtia kioo pande nne, riziki yake na usalama wake viko shingoni mwako. Watu tunafuga kwa pupa.

Ndoo ya Bluu: Lakini korido ana mabamba ya mfupa kama deraya, nimesoma. Tena tangi ni kubwa, ana pa kujificha.

Rula: Kubwa kiasi gani? Weka urefu, upana na kina.

Ndoo ya Bluu: 60, 30 na 36. Sentimita.

Rula: Wakuu, hii ni chai. 60 mara 30 mara 36 ni 64,800. Gawa kwa 1,000. Lita 65, tena likijaa hadi ukingoni. Oska, tetra 9 na gapi kwenye lita 65? Hakuna tangi, hakuna oska, hakuna ndoo. Mtu anatunga tu.

Mpangaji wa Kudumu: Nilimpigia hesabu ya kodi bure.

Amana: Naondoa mawaidha yangu.

Mama Konokono: Muacheni kwanza. Mwenye kutunga angetunga tetra wote wazima.

Ndoo ya Bluu: Nimerudi na futi kamba. Ni 60 kweli. Aliyeniuzia aliniambia lita 200, na mimi sikupiga hesabu. Sikutunga kitu.

Fundi Chujio: Basi anayepaswa kuhama si korido. Oska mmoja, wafugaji wengi humpa lita 280 kwenda juu. Humo ulimomweka ni sanduku. Akiondoka, korido aingie na umtafutie wenzake watano, changarawe yenye ncha uitoe uweke mchanga laini, isimkate sharubu. Kwa sasa ndoo haina bakteria wa kula amonia, ile sumu ya uchafu wake, kwa hiyo badili nusu ya maji kila siku, na ya bomba uyatoe klorini kwanza. Chakula kidogo.

Ndoo ya Bluu: Nimebadilisha nusu sasa hivi. Ametulia chini. Sasa kuna jamaa ana tangi kubwa yuko tayari kumchukua oska. Nimzoeshe maji kwa muda gani?

Rula: Kubwa kiasi gani?

Ndoo ya Bluu: Anasema lita 400.

Rula: Nenda na futi kamba.