Vipunje vyepesi juu ya feni vinakimbia hovyo, huu ni mwendo wa Brown?

mwana_ngamiani: Wakuu habari za jioni, mdogo wangu yuko form three ana projekti ya fizikia, tumelaza feni ya mezani chali, juu yake ndoo ya plastiki tumeikata kitako tukafunga wavu wa dirishani, tukamwagia vile vipunje vyeupe vinavyomeguka kwenye boksi la TV. Ukiwasha namba moja vinakimbia huku na huku bila mpangilio. Dogo anataka aandike ni mwendo wa Brown, mi nna wasiwasi. Halafu vingine vinang'ang'ania ndoo, vingine vinazunguka upande mmoja tu.

fundi_pwani: Asiandike hivyo. Brown, yule mtaalamu wa mimea, mwaka 1827 aliangalia chembe ndogo mno kwenye maji zikitikisika hovyo, na zile zinasukumwa na molekuli za maji. Kipunje chenu ni kikubwa, molekuli zinakigonga pande zote zinafutana. Kinachokiyumbisha ni upepo: hewa ikishakipita inaacha vizingazinga, yaani vimbunga vidogo vya hewa, kwa juu, mara kushoto mara kulia, na kila kimoja kikichomoka kipunje kinasukumwa pembeni. Huko kuzunguka ni mapanga ya feni, jazeni mirija ya soda wima kati ya feni na wavu hewa inyooke.

bi_raskazone: Kung'ang'ania ni umeme tuli tu, pangusa ndoo kwa kitambaa chenye maji kidogo.

mwana_ngamiani: Asante dada. Kwa hiyo Brown tumfute kabisa?

fundi_pwani: Hapana bwana, hapo ndo patamu. Mwaka 2004 wanafizikia wa Marekani walitoa kwenye jarida la sayansi la Nature jaribio la kipira cha tebo tenisi juu ya wavu, hewa inapanda lakini haitoshi kukiinua, kinabingirika tu, na wakakuta kinafuata hesabu zilezile za chembe ya Brown. Chanzo tofauti, hesabu moja. Mi ningetupa vipunje nichukue kipira kimoja, gramu 2.7, simu inarekodi kutokea juu.

mwana_ngamiani: Kipira kipo. Anapima nini sasa?

fundi_pwani: Umbali kutoka kilipoanzia, kila baada ya muda uleule, ila aupige kipeo cha pili kwanza ndo atafute wastani, akijumlisha kushoto na kulia hivihivi vitafutana atabaki na sifuri. Na grafu ya huo wastani kwa muda ikipanda halafu ikalala asishtuke, ndoo ina ukuta, kipira hakiwezi kwenda mbali zaidi.